Sanamu za kauri za wanajeshi wa Ulaya: mwongozo kamili wa kuzitambua, kuzinunua na kuzitunza

Mwaka 1717 Augustus, aliyepewa jina la Mwenye Nguvu, mtawala wa Saksonia na mfalme wa Poland, alimpa Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia wapanda farasi 600. Augustus naye akapewa vyombo 151 vya kauri ya China. Mitungi mirefu ya buluu na nyeupe iliyotokana na biashara hiyo ingali Dresden, na hadi leo inaitwa mitungi ya Wadragoni, kwa sababu hao ndio askari waliotolewa kuilipia. Anayeshangaa kwa nini watu wazima hutumia pesa nyingi kununua kijisanamu cha askari mwenye urefu wa shubiri moja, aanzie hapo. Kauri ilikuwa mali ya kifalme kabla haijawa pambo la kabatini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuanza kukusanya, au aliyerithi sanamu moja na anataka kujua ameshika nini. Wanaoanza karibu wote hufanya jambo lilelile: hupindua sanamu, huona panga mbili zilizopishana kwa rangi ya buluu, kisha hutoa pochi. Ushauri wangu ni kinyume cha hapo. Alama iliyo chini ya kitako itazame mwisho, kwa kuwa ndiyo rahisi kuliko yote kughushi. Anza na udongo, uje kwenye namna kazi ilivyofanywa, kisha sare, kisha rangi. Ukifika kwenye alama uwe tayari unajua inapaswa kusema nini.

Kwanza jua nani alitengeneza nini, na wakati gani

Ulaya ilinunua kauri ya China na Japani kwa muda mrefu bila kujua inavyotengenezwa. Augustus alimfungia Johann Friedrich Böttger, kijana aliyedai anaweza kugeuza madini kuwa dhahabu. Dhahabu haikupatikana, lakini mwaka 1708, akifanya kazi na mwanasayansi Ehrenfried Walther von Tschirnhaus, alifikia kauri ngumu nyeupe. Mwaka 1710 kiwanda kikafunguliwa Meissen, ndani ya ngome ya Albrechtsburg, ambako siri ingelindwa na kuta. Haikulindwa kwa muda mrefu. Mafundi walitoroka, na mwaka 1718 Vienna ikawa na kiwanda chake. Baadaye kila mtawala alitaka chake: Capodimonte huko Naples mwaka 1743, Nymphenburg ya Bavaria iliyoanza mwaka 1747, Ludwigsburg mwaka 1758.

Sanamu zenyewe zilipata uhai Johann Joachim Kändler alipoingia Meissen mwaka 1731. Zilikuwa mapambo ya meza. Kabla yake, wapishi wa ikulu waliwafinyangia wageni vijisanamu vya sukari kwa ajili ya meza ya vitamutamu. Kauri ikachukua nafasi ya sukari. Kwa hiyo katika karne ya 18 askari alikuwa mmoja tu katika umati wa wachungaji, wachekeshaji, wauza samaki na miungu ya Kigiriki. Mhusari, yule mpanda farasi mwepesi mwenye asili ya Hungary, alipendwa kwa sababu ya koti lake lenye kamba nyingi, ambalo fundi angeweza kuonyeshea ustadi. Askari wa kauri wa wakati huo ni wachache na ni ghali. Usitarajie kumwokota gulioni.

Vita vya Miaka Saba, vilivyoanza 1756, vilimleta Friedrich Mkuu wa Prussia hadi Meissen kwenyewe. Aliiteka Saksonia pamoja na kiwanda. Vita vilipokwisha mwaka 1763 alinunua kiwanda cha Berlin kutoka kwa mfanyabiashara Johann Ernst Gotzkowsky, na ndicho kinachojulikana kama KPM, yaani kiwanda cha kifalme cha kauri, chenye alama ya fimbo ya kifalme ya buluu.

Sasa jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Sehemu kubwa ya sanamu za wanajeshi zilizoko sokoni, hasa Napoleon, majemadari wake na askari wa Kikosi chake cha Ulinzi, hazikutengenezwa wakati wa Napoleon. Vita vyake viliisha mwaka 1815. Mabaki yake yalirudishwa Paris mwaka 1840, na hamu ya kumkumbuka ikawa biashara. Viwanda vya milima ya Thuringia, kama vile Scheibe-Alsbach, Sitzendorf na Volkstedt, viliifanya biashara hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 19 na kuendelea nayo ndani ya karne ya 20. Kiwanda cha Carl Thieme kilichoanzishwa mwaka 1872 huko Potschappel karibu na Dresden kimo katika mkumbo huohuo. Kule Paris, Samson, aliyeanza mwaka 1845, alinakili kazi za karibu kila kiwanda maarufu, na nakala zake za zamani zenyewe sasa hukusanywa.

Uingereza ilikwenda njia mbili. Wafinyanzi wa Staffordshire walitengeneza mashujaa wa Vita vya Crimea vya 1853 hadi 1856 kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida: Lord Raglan, Colin Campbell, hata Omar Pasha wa jeshi la Kituruki. Mgongo wao ni bapa, maana walikaa juu ya rafu ya meko na hakuna aliyewaona nyuma. Royal Worcester, kwa upande wake, ililenga wenye fedha. Frederick Gertner aliiundia maofisa wa vikosi vya kihistoria mwanzoni mwa karne ya 20, na miongo kadhaa baadaye Bernard Winskill akamweka Napoleon na Wellington juu ya farasi. Urusi ya Kisovieti nayo ilikuwa na lake: Natalia Danko alibuni mwaka 1922 seti ya sataranji ya kauri, Wekundu, yaani wakomunisti, wakipambana na Weupe, wapinzani wao.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni kauri

Ishike. Kauri ngumu ni baridi mkononi, na huchukua muda kupata joto. Plastiki ngumu ya kumiminwa, ambayo leo huuzwa kwa wingi kwa jina la Capodimonte, hupata joto upesi na mlio wake ni mfu. Pindua utazame ukingo wa kitako usio na glezi, yaani ule utando wa kioo unaofunika sehemu nyingine zote. Katika kauri, sehemu hiyo ni nyeupe na laini, na tone la maji hubaki juu yake. Katika udongo wa kawaida wa kuchomwa, tone hunywewa. Sanamu za Staffordshire ziko kwenye kundi hili la pili. Mtu akikuuzia Raglan wa Staffordshire kwa jina la kauri, ama hajui ama anajua sana. Glezi yake ya zamani mara nyingi huwa na mtandao wa nyufa nyembamba kama nywele, ingawa huo nao watu wameshajifunza kuuiga.

Sehemu nyembamba, kama ukingo wa joho au mkia wa koti, iweke mbele ya taa. Kauri hupitisha mwanga kidogo. Sanamu nene haitapitisha, kwa hiyo usihukumu kwa hilo peke yake.

Hatua ya pili: soma kazi ya mikono

Sanamu huanza kama umbo moja la udongo alilolifinyanga mbunifu. Umbo hilo hukatwa vipande: kichwa, mikono, miguu, kofia, upanga. Kila kipande hutengenezewa kalibu yake ya jasi. Udongo hukandamizwa ndani ya kalibu au humiminwa ukiwa uji, kisha fundi huunganisha vipande kwa uji uleule, huchonga upya vifungo, macho na nyuzi, na kufuta mistari ya kalibu. Sanamu huingia jokoni mara ya kwanza kwa nyuzi joto karibu 900, ikatiwa glezi na kurudi kwa nyuzi karibu 1,400. Rangi nyingi za sare huja mwisho, juu ya glezi, kwa moto mdogo wa nyuzi 800 hivi.

Mambo matatu ya kutumia yanatoka humo.

La kwanza ni kipimo. Kauri ngumu husinyaa kwa takriban sehemu moja ya sita jokoni. Mtu akichukua sanamu ya asili yenye sentimita 24, akaitengenezea kalibu na kuchoma nakala, atapata askari wa sentimita 20. Kwa hiyo tafuta urefu uliochapishwa katika orodha za minada au za makumbusho, upime ya kwako. Ikiwa pozi, sare na kitako ni vilevile lakini askari amepungua kwa kiasi hicho, umeshika nakala iliyotolewa kwenye nakala. Sijui jaribio jingine lisilogharimu kitu linalofichua mengi kama hili.

La pili ni ukali wa mistari. Kalibu ya jasi huchakaa kwa kutumika, na nakala hupoteza maelezo. Tazama vifungo vya koti kwa lenzi. Vifungo vyenye ukingo, vidole vilivyotengana, na masikio yenye tundu ni dalili kwamba fundi alikaa na kipande hicho. Vifungo vilivyo kama matone ya nta vinakuambia kwamba kilipita haraka.

La tatu ni kishina cha mti. Askari aliyesimama kwa miguu miwili myembamba hulegea na kuinama jokoni, kwa hiyo nyuma ya mguu wake mara nyingi huwekwa kisiki, mwamba, ngoma, au rundo la mizinga. Farasi huwekewa nguzo au kichaka chini ya tumbo. Ukiona askari wa kauri anayedaiwa kuwa wa karne ya 18 akisimama bila tegemeo lolote, uliza maswali. Kitako chenyewe kina lake la kusema: kilima kidogo chenye maua ya kubandikwa kilipendwa miaka ya 1740, mikunjo ya dhahabu ilifuata miaka ya 1750, na kitako cha mraba chenye jina na mwaka ni desturi ya baadaye sana.

Hatua ya tatu: vaa macho ya mshonaji wa jeshi

Hapa ndipo sanamu za wanajeshi zinapoachana na sanamu nyingine zote, na ndipo mwanafunzi mwenye subira huwashinda wauzaji. Mchungaji wa kauri anaweza kuvaa chochote. Askari alivaa alichopangiwa kwa amri iliyoandikwa, na amri hizo zinajulikana.

Napoleon mwenyewe alizoea sare mbili. Siku za kawaida alivaa koti la kijani la kanali wa wapanda farasi wepesi wa Kikosi cha Ulinzi. Jumapili na siku za sherehe alivaa la buluu lenye kifua cheupe, la Wagrenadia, askari wake teule wa miguu. Kofia yake ya pembe mbili aliivaa pembe zikielekea mabegani, wakati maofisa wengi waliivaa ikielekea mbele na nyuma. Napoleon wa kauri mwenye koti jekundu huenda ametoka kwa mchoraji aliyechoka. Akiwa juu ya farasi mweupe anayeinua miguu ya mbele na joho likipepea, huyo amenakiliwa kutoka kwenye mchoro wa Jacques-Louis David wa kuvuka milima ya Alps, na maelfu ya wengine wamenakiliwa vivyo hivyo. Pozi hilo peke yake halithibitishi umri wala kiwanda.

Mgrenadia wa Kikosi cha Ulinzi ana kofia ndefu ya manyoya ya dubu yenye bamba la shaba mbele, koti la buluu, kifua cheupe na vishada vyekundu mabegani. Wapiga mikuki wa Poland walikuwa na koti la buluu lenye damu ya mzee na kofia yenye utosi wa mraba; wenzao wa kikosi cha pili, waliotoka Uholanzi, walivaa nyekundu. Wamameluki, wapanda farasi waliokuja na jeshi la Ufaransa kutoka Misri, wana vilemba na suruali pana. Wenye deraya ya kifuani hubeba upanga mnyoofu. Mhusari hubeba uliopinda. Kwa Waingereza, kikosi cha wapanda farasi cha Scots Greys waliopigana Waterloo tarehe 18 Juni 1815 hupanda farasi wa kijivu na huvaa manyoya ya dubu. Farasi wa hudhurungi chini yao ni kosa.

Makosa ya rangi hayamaanishi bandia moja kwa moja. Wachoraji wa viwandani walifanya kazi kwa kutazama picha zilizochapwa, na picha zenyewe ziliwahi kukosea. Lakini makosa yana ngazi zake. Kola ya rangi isiyo yake ni jambo dogo. Kofia ya mwaka 1812 kwenye kichwa cha askari anayedaiwa kuchongwa na Kändler, aliyefariki 1775, hilo linamaliza mazungumzo.

Na mwaka ulioandikwa kwenye kitako? Mwaka huo ni wa sare. Ukikuta ofisa wa Royal Worcester mwenye maandishi ya 1815, kitu cha kuhesabu ni nukta zilizo pembeni ya alama ya kiwanda. Royal Worcester iliongeza nukta moja kila mwaka kuanzia 1892, zikafika 24 mwaka 1915, na 1916 ikaweka nyota. Askari wa Waterloo mwenye nyota peke yake chini yake ana umri wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimeona matangazo ya mtandaoni yanayotumia mwaka wa sare kama mwaka wa kutengenezwa mara nyingi mno kuamini kwamba yote ni ya bahati mbaya.

Kuhusu seti za majemadari: Napoleon aliwapa watu 26 cheo cha marshali, cha juu kuliko majenerali wengine, kati ya 1804 na 1815. Viwanda vilichagua waliouzika, Murat kwa manyoya na mapambo yake, Ney kwa ushujaa wake, Lannes, Davout na wengine. Muuzaji akisema seti imekamilika, mwulize imekamilika kwa orodha ya kiwanda gani. Kisha linganisha vitako: upana, unene wa mstari wa dhahabu, mwandiko wa majina. Seti nyingi zimeunganishwa kutoka familia mbili au tatu zilizovunjika.

Hatua ya nne: rangi na dhahabu

Kromi iligunduliwa na Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797. Kijani chake, kizito na kisichopitisha mwanga, kiliingia kwenye kauri baada ya hapo. Kijani cha zamani kilitokana na shaba: chepesi, cha majimaji, glezi huonekana chini yake. Koti zito la kijani kwenye mhusari wa "mwaka 1750" ni koti lililopakwa baada ya 1800, ama na kiwanda kilichorudia umbo la zamani, ama na mtu aliyenunua sanamu nyeupe akaipaka mwenyewe.

Dhahabu nayo ina umri. Ya karne ya 18 ilikuwa ya unga wa dhahabu, ikasuguliwa kwa jiwe baada ya kuchomwa. Ni laini, ina joto, na ukiipitishia ncha ya kidole unaweza kuhisi unene wake. Karibu na mwaka 1830 Heinrich Gottfried Kühn wa Meissen alipata njia ya kutengeneza dhahabu ya majimaji inayotoka jokoni ikiwa tayari inang'aa. Ni nyembamba, ina mng'ao wa kioo, na hufutika haraka. Viwanda vya Thuringia viliitumia bila huruma.

Hatua ya tano: sasa pindua sanamu

Panga mbili za Meissen zilianza kutumika miaka ya 1720. Huchorwa kwa buluu ya kobalti chini ya glezi, kwa hiyo ukipitisha ukucha hupaswi kuhisi kitu. Alama inayohisika imewekwa juu ya glezi baada ya sanamu kumalizika, na hiyo ni sababu ya kurudisha sanamu mezani. Nukta katikati ya mipini ni ya 1763 hadi 1774. Nyota ni ya wakati wa Marcolini, mkurugenzi wa kiwanda, 1774 hadi 1814. Nukta katikati ya ncha za juu ni ya 1924 hadi 1934. Mikwaruzo iliyokata panga kwa makusudi ina maana kwamba kiwanda chenyewe kiliona kasoro, kikaishusha daraja. Herufi na namba zilizochimbwa kwenye udongo ni za umbo; zinakuambia muundo ulibuniwa lini, hazikuambii sanamu hii ilichomwa lini. Umbo la Kändler lingali likitengenezwa Meissen.

Wanaofanana na panga hizo ni wengi. Volkstedt walichora uma mbili zilizopishana. Limbach walipishanisha herufi L. Samson alikuwa na alama zake zinazofanana na za kila aliyemnakili. Hata Derby na Bristol za Uingereza ziliwahi kuweka panga za buluu.

Alama nyingine tatu huwapoteza watu. Herufi AR zilizounganishwa zilikuwa za Augustus, lakini zilitumiwa karne ya 19 na karakana ya Helena Wolfsohn wa Dresden, hadi Meissen walipomzuia kisheria miaka ya mwanzo ya 1880. Herufi N yenye taji ni ya kiwanda cha kifalme cha Naples, ila viwanda vya Ujerumani viliibandika kwenye bidhaa zao bila haya. Kwa sanamu za wanajeshi, N yenye taji ichukulie kuwa ya Ujerumani mpaka ithibitike vinginevyo. Na neno Dresden lenye taji, lililosajiliwa mwaka 1883, lilikuwa la karakana nne zilizonunua kauri nyeupe kutoka kwingine na kuipamba. Kuna kazi nzuri sana humo. Jina tu ndilo halikuambii kauri ilichomwa wapi.

Sheria za forodha ni rafiki yako. Sheria ya Uingereza ya 1887 na ile ya Marekani ya 1890, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1891, zilisukuma viwanda kuandika nchi. Neno Germany chini ya sanamu kwa kawaida ni la tangu hapo. GDR, yaani Ujerumani Mashariki, ni ya kati ya 1949 na 1990. Kukosekana kwa jina la nchi hakuthibitishi kwamba sanamu ni ya kabla ya 1891, kwa kuwa zilizouzwa ndani ya Ujerumani hazikulazimika kuandikwa.

Hatua ya sita: tafuta majeraha

Askari wa kauri huumia mahali palepale kila wakati: ncha ya upanga, singe, vidole, manyoya ya kofia, hatamu, masikio ya farasi, shingo. Anzia hapo. Gusa kwa mgongo wa kucha: rangi ya mkarabati ni ya joto na laini kidogo kuliko glezi. Kwenye chumba cha giza tumia taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno. Gundi na rangi mpya mara nyingi hung'aa tofauti na kauri inayozizunguka.

Tofautisha ufa wa jokoni na ufa wa kuanguka. Wa jokoni una kingo zilizofunguka na glezi imeingia ndani. Ulizaliwa na sanamu, na hupunguza thamani kidogo. Wa kuanguka ni mwembamba, mkali, na kwa miaka hujaa uchafu wa kahawia. Kwa singe iliyokatika mimi sisusi. Askari wa miaka 150 mwenye kila kidole na kila ncha ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kichwa kilichobandikwa upya ni habari nyingine, na bei inapaswa kuanguka nacho.

Panga za chuma zilizochomekwa mkononi hupotea na kubadilishwa. Angalia kama unene wake unalingana na tundu.

Kuhusu Allach

Ukitafuta sanamu za wanajeshi wa Ujerumani utakutana na jina hili, na bei zitakushtua. Kiwanda cha Allach, karibu na Munich, kilianzishwa mwaka 1935 na kuchukuliwa na SS, kikosi cha Wanazi cha Heinrich Himmler. Uzalishaji ulihamishiwa Dachau, na wafungwa wa kambi ya mateso walifanyishwa kazi humo. Theodor Kärner, mmoja wa wachongaji wake, alikuwa fundi wa kiwango cha juu, na ndiyo maana watu hujaribu kuzungumzia ustadi bila kuzungumzia nani alibeba udongo. Alama yake ina runi mbili za SS, yaani herufi za kale za Kijerumani. Nchini Ujerumani kuonyesha hadharani alama hizo ni kosa la jinai isipokuwa kwa elimu, utafiti na mengine machache, na majukwaa kadhaa makubwa ya mauzo yanazikataa. Bandia zake ni tele kwa sababu bei ni kubwa. Mimi sinunui, na siwezi kumshauri anayeanza afanye hivyo. Mahali pake ni makumbusho yenye maelezo ukutani.

Hatua ya saba: kununua

Wasomaji walioko Ulaya wana nafasi nzuri. Berlin kuna soko la vitu vya kale la wikendi kwenye barabara ya Straße des 17. Juni, na London kuna Portobello Road siku ya Jumamosi. Nenda mapema, na siku ya kwanza usinunue. Shika sanamu nyingi kadiri wauzaji watakavyokuruhusu. Mikono hujifunza uzito na baridi ya kauri haraka kuliko macho yanavyojifunza kwenye simu.

Kwa mnada, omba ripoti ya hali ya sanamu kwa maandishi na ulize waziwazi kama imekarabatiwa. Kumbuka kuongeza ada ya mnunuzi juu ya bei ya nyundo, na kodi. Lugha ya orodha isome kama mkataba: "Meissen" ni dai, "mtindo wa Meissen" ni kujitoa kwenye dai. Kwa mtandaoni, omba picha ya mgongo, ya kitako chote, ya alama kwa karibu, ya shingo na ya viganja. Muuzaji anayekutumia picha kumi za uso na hakuna ya chini, achana naye.

Anayeanza kwa kipato cha kawaida namshauri Mgrenadia mmoja wa Thuringia wa mwanzo wa karne ya 20, mwenye alama ya wazi ya kiwanda, kuliko "Meissen" wa bei ya kushangaza. Utajifunza sare, kalibu na dhahabu kwa gharama unayoweza kuivumilia.

Hatua ya nane: kuitunza

Inua kwa kitako, mikono miwili, kamwe usishike mkono wala upanga. Vumbi litoe kwa brashi laini ya kuchorea. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo yanafaa tu pale ambapo una hakika hakuna sehemu iliyobandikwa, maana gundi za zamani huyeyuka. Mashine ya kuoshea vyombo hula dhahabu. Sanamu zisizo na glezi zisiloweshwe, na zisifungwe kwenye gazeti, kwa kuwa wino huingia na hautoki.

Kwa walioko Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam au Muscat, kauri yenyewe haidhuriki na hewa ya chumvi, lakini pini na panga za chuma hupata kutu, na kutu hutoa doa linalopenya kwenye nyufa. Weka sanamu hizo kwenye kabati la kioo lililofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikishajaa. Kabati lisiegemee ukuta unaotikiswa na mlango au jenereta; askari husogea kidogo kidogo hadi ukingoni bila mtu kuona.

Ukisafirisha, zungushia kwanza karatasi laini nyeupe kwenye upanga na shingo, kisha mapovu ya plastiki, na utumie masanduku mawili, moja ndani ya jingine, nafasi ya katikati ikijazwa pande zote sita. Utepe wa kubandika usiguse rangi wala dhahabu.

Kila sanamu ifungulie kadi: urefu kwa milimita, alama, namba zilizochimbwa, majeraha yaliyokuwepo siku ya kuinunua, bei, na jina la kikosi kama umelithibitisha. Piga picha ya chini ya kitako. Kadi iandike kwa penseli na uiweke kwenye droo ya kabati; lebo ya gundi ikibandikwa kitakoni huacha doa ambalo mnunuzi wa baadaye atalisugua kwa kisu.